Habari za Choo Hujanijibu

Tarehe 3 Februari

Mke wangu, mzuri kuliko wote waliobaki na meno,

Shikamoo. Mimi mzima, nakula, nanenepa mashavuni, na ukiniona leo utamwacha marehemu Babu kwa mara ya pili. Mama hajambo. Analalamika tangu anaamka mpaka analala, kwa hiyo ujue afya iko palepale. Dada amejifungua mtoto wa kiume mwenye kichwa kama mtungi. Wanasema tumefanana. Nimekataa mbele ya mashahidi.

Sasa habari kubwa. Baba Mkubwa amenipigia simu. Kumbe aliisoma ile barua niliyokuandikia kuhusu kazi yangu hapa nyumba ya wazee, akaisoma yote, hata pale niliposema ukilala kwenye vitanda vya hapa unaota umekuwa waziri. Amefurahi kuliko nilivyotegemea. Ameshaongea na Matroni, ambaye ndiye mkuu wetu, na jina lako limeandikwa. Mwezi wa sita kuna chumba kitakuwa wazi, karibu na bustani. Kwa hiyo mke wangu unakuja kukaa na mimi, na mahari sijatoa hata kidogo.

Usiwe na hofu, mimi hapa ni mtu mkubwa. Nimeanza mwaka jana tu lakini wahudumu wa zamani wananiomba ushauri, hata kama hawasemi kwamba wanauomba. Shule tuliachana mapema, wao wanasema walinifukuza, mimi nasema tulikutana mlangoni kila mtu akitoka kivyake. Lakini kazi hii haitaki vitabu, inataka mikono, na yangu ina kasi. Nikiingia zamu ya asubuhi, mpaka chai inamiminwa wazee wote wa upande wangu wameshaoga, wamevaa, wamechanwa nywele na wameketi mbele ya runinga. Matroni akipita anatikisa kichwa. Mwenzangu anasema anatikisa kwa huzuni. Huo ni wivu.

Anza kufungasha.

Mumeo


Tarehe 19 Februari

Mume wangu wa mdomoni,

Marahaba. Barua yako imefika na doa la mchuzi, nimejua huko unakula. Hapa tu wazima. Kuku wangu mwekundu anaatamia. Jirani amenunua redio mpya, sasa mtaa mzima tunasikiliza anachotaka yeye. Mpe dada yako hongera na pole. Kichwa cha mtoto hupungua, ni cha kwako tu kilichogoma.

Baba yako mkubwa alikuja Jumapili na viatu vipya, akaketi, akaanza kunieleza uzuri wa bustani yenu kama dalali wa viwanja. Sikumjibu. Mimi si gunia la kuandikiwa nafasi ghalani. Ila sikukataa pia. Nina sababu zangu, na zikae hukohuko zilipo.

Nyumba ukielezwa na anayeisifu hujaambiwa kitu. Bustani ninayo. Runinga inaniumiza macho. Kitanda changu hakinioteshi uwaziri lakini tumezoeana. Nakuuliza jambo moja tu, na unijibu kwa maandishi, kwa sababu kwenye simu mimi sisikii, wewe unapiga kelele, na jambo lenyewe si la kusikiwa na jirani. Hapo kwenu, bibi kizee akitaka kwenda chooni, inakuwaje?

Ni mimi, Bibi yako


Tarehe 6 Machi

Mke wangu mwenye maswali,

Shikamoo tena. Mama anakusalimu, anauliza kama bado unapaka ile dawa ya miguu. Mtoto wa dada amepewa jina la Babu, kwa hiyo una mume mwingine mdogo, hana meno na hana adabu.

Kuhusu swali lako. Vyoo tunavyo vinne, vyote vya kukaa, vigae vyeupe mpaka juu, maji hayakatiki, sabuni inanukia, na kila kimoja kina vyuma vya kushikilia ukutani. Vinang'aa. Ukiinama unajiona. Wageni wakija, Matroni anawapitisha huko kwanza kabla hata hajawaonyesha vyumba. Juzi alikuja mkaguzi, akaingia kimoja, akatoka anatabasamu kama ametoka harusini. Nadhani nimekujibu.

Mengine ni mazuri tu. Tumepata mashine mpya ya kufulia, inazunguka mpaka inahama mahali pake. Wazee tunaelewana. Yupo Dereva, aliyeendesha treni maisha yake yote, akisikia honi nje anatazama saa. Yupo Mwalimu, alikuwa mkuu wa shule ya wasichana, yeye ananisahihisha kuanzia kwenye salamu. Nilimwambia, "Bibi, leo umependeza," akaniambia huo ni uongo wenye sarufi nzuri, niendelee hivyohivyo. Hao wawili ndio watakuwa majirani zako.

Kweli, umeshaanza kufungasha?

Mumeo


Tarehe 24 Machi

Mume wangu fundi wa vigae,

Marahaba. Usishangae mwandiko umelala. Nimeamua kujifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, maana mtu akizeeka asikae bure. Kuku ametotoa. Redio ya jirani imeharibika, na mtaa mzima tumekwenda kumpa pole huku tunaficha meno.

Habari za vyoo vyako nimezisoma, nikazirudia. Nimelea watoto saba kwa choo kimoja, na hakijawahi kung'aa hata siku moja. Hivyo vyenu vinang'aa kwa sababu gani? Nilikuuliza inakuwaje, wewe umenijibu vikoje. Umenieleza mpaka mashine ya kufulia inayotembea, bibi kizee mwenye haja umemwacha amesimama mlangoni.

Nakujua mimi. Wewe hunyamazi ila pale penye jambo. Ulipokuwa mdogo, nyumba ikiwa kimya tu nilikuwa naenda kutazama mayai yangu.

Baba yako mkubwa ananisukuma, na mwezi wa sita hauko mbali. Habari za choo hujanijibu.

Bibi yako


Tarehe 15 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Sote wazima. Nimechelewa kwa sababu barua hii nimeianza, nikaichana, nikaianza tena.

Jibu ni kwamba haendi. Asubuhi wakishaoga tunawafunga nepi, wote, anayeweza kutembea na asiyeweza, na ndiyo imetoka hiyo mpaka mchana. Mchana tunabadilisha. Jioni tunabadilisha. Ile kasi ya mikono niliyokusimulia, kasi yenyewe ndiyo hiyo. Mimi ni bingwa wa kufunga nepi, tunashindana wahudumu na kombe ninalo mimi. Na vyoo vinang'aa kwa sababu watumiaji ni wageni tu na mkaguzi.

Usimchukie Matroni. Tuko watatu kwa zamu, na kumpeleka mzee mmoja chooni, umwinue, umsubiri, umrudishe, ni safari ya kwenda sokoni na kurudi. Halafu anaogopa mtu kuanguka. Anasema, "Mzee akiloa hakuna anayeniuliza. Akianguka, ukoo mzima unakuja na gari." Si mwongo.

Barua yako ilinikalia kichwani. Siku moja Dereva akaniita.

"Kijana, nataka kwenda chooni."

"Babu, si umeshavaa? Malizana nayo humohumo, mimi nitakuja kukubadilisha."

Hayo ndiyo tunayowaambia siku zote, na mimi huwa nayasema kwa utani ili yapite vizuri. Akanitazama.

"Mimi nimeendesha treni usiku na mchana," akasema. "Sijawahi kumshusha abiria katikati ya pori nikamwambia hapa panatosha."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akageuzia uso wake kwenye runinga, na runinga ilikuwa imezimwa.

Basi nikaona jambo hili linamtaka mtu mwenye akili, na aliyekuwa karibu ni mimi. Nikamwambia Matroni, niachie upande wangu, nitawapeleka. Akaniuliza, "Kwa miguu ya nani?" Nikamwambia nina mpango. Akanikubalia kwa muda, nadhani ili nikome.

Mpango ni ratiba. Nimechora ratiba ya choo kwa kalamu za rangi, kila mzee na saa yake, nikaibandika ukutani. Siku ya kwanza niliwapanga kwenye korido, kiti cha magurudumu nyuma ya kiti cha magurudumu, kama foleni ya benki. Wenye saa zao hawakuwa na haja. Wenye haja hawakuwa na saa zao. Mwalimu aliingia, akakaa ndani kwa ukaidi mpaka muda wake ukaisha, akasema hajamaliza kufikiri. Aliyemfuata akaupiga mlango kwa fimbo. Jioni nilifua shuka nyingi kuliko siku yoyote tangu niajiriwe.

Lakini ratiba yenyewe ni nzuri, ungeiona. Nitairekebisha.

Mumeo


Tarehe 2 Mei

Mume wangu mkuu wa foleni,

Marahaba. Nimecheka mpaka jirani akaja kutazama kama niko salama. Vifaranga wamekua, wawili wamechukuliwa na mwewe. Miguu inanisumbua kama kawaida, dawa napaka, mwambie mama yako.

Ahsante kwa kusema kweli. Ilikuwa na harufu lakini ni kweli.

Sasa nami nikuambie. Hiyo karatasi yako ya rangi ing'oe. Wewe mwenyewe unakwenda kwa ratiba? Tumbo halijui kusoma saa. Mtu mzima akitaka kwenda anajua kwamba anataka. Aite, uje. Zaidi ya hapo ni mbwembwe. Na hapo kwenu mtu anaitaje? Hilo nalo hukuliandika, na mimi nimeshakusoma: usichokiandika ndicho kilichopo.

Jingine, utani. Mimi na wewe tunataniana, ni halali yetu, ni mke na mume. Lakini mtu anayekuomba umpeleke chooni hayumo kwenye utani, hata kama anatabasamu. Anatabasamu kwa sababu anakuhitaji.

Mkono wa kushoto umeingia darasa la pili. Kuja au kutokuja nitaamua mwenyewe. Baba yako mkubwa nimemwambia asiniletee tena vile viatu hapa.

Bibi yako


Tarehe 28 Mei

Bibi,

Shikamoo. Nakuandikia kutoka mji mwingine, anwani iko nyuma ya bahasha. Mama hajambo. Mtoto wa dada ameanza kucheka, anamcheka kila mtu isipokuwa mimi. Sasa nakueleza jambo moja baada ya jingine, usiruke.

Kengele zilikuwepo. Kila kitanda kina kamba ya kengele, na kila kamba ilikuwa imeviringishwa kwenye msumari huko juu, mbali na mkono wa mzee, tangu sijaajiriwa. Nilikuwa nazipita kila siku, sikuwahi kujiuliza. Nikazishusha. Siku za mwanzo hapakukalika. Mwalimu alipiga kama kengele ya kuingia darasani, na tulipofika akatuuliza kwa nini tumechelewa. Mmoja alipiga ili aone kama inalia. Mwingine alipiga akitaka kujua nani amepiga. Nilikimbia mpaka soli ya kiatu ikafunguka mdomo. Kisha wakazoea, wakawa wanaita wenye haja tu. Na Bibi, sasa sikudanganyi, shuka za kufua zikapungua. Dereva alikuwa akitoka chooni ananipungia mkono kama anaondoka stesheni.

Halafu nikaharibu.

Dereva alipiga kengele baada ya chakula cha mchana. Niliisikia. Nilikuwa jikoni nawasimulia wapishi jinsi nilivyoigeuza nyumba nzima peke yangu, na nilikuwa nimefika pazuri. Nikasema moyoni ngoja nimalizie. Nilipofika alikuwa sakafuni, mlangoni mwa choo, paji la uso limechanika, damu mpaka kwenye kola.

"Ulichelewa," akaniambia. "Nikaondoka bila wewe."

Alishonwa. Binti yake akaja, na ukoo, na gari, kama Matroni alivyosema. Matroni hakunigombeza. Angenigombeza ningejibu. Alinyoosha mkono tu nimpe sare, akasema kamba zirudi juu na nepi zirudi kwa wote. Sasa nipo kwa rafiki yangu, nabeba saruji kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Nabeba mifuko miwili kwa mpigo, watu wanasimama kutazama, lakini leo sina hamu ya kukusimulia.

La mwisho. Nilimpigia Baba Mkubwa afute jina lako. Akasema hafuti, na ndipo akaniambia kwa nini unaandika kwa mkono wa kushoto. Kwamba wa kulia ulivunjika kifundo mwezi wa tatu, ulipoanguka ukirudi kutoka chooni. Siku zote hizo umeniacha nikidhani umeingia darasani.

Bibi, usiende pale. Yale niliyokuandikia mwanzo yalikuwa mdomo wangu tu. Ngoja nitafute namna nyingine, sijui ipi, lakini usiende.

Mjukuu wako


Tarehe 23 Juni

Mume wangu mbeba saruji,

Marahaba. Barua yako ya kunizuia ilinikuta nimeshafunga mzigo, na mimi mzigo nikishaufunga siufungui. Nakuandikia nikiwa kitandani, chumba cha karibu na bustani. Bustani yenyewe ni vichaka viwili na kamba ya kuanikia nguo. Kuku nimemwachia jirani, kwa sharti kwamba hatatengeneza redio.

Nianze na langu. Baba yako mkubwa alikuambia nilianguka nikirudi. Ndivyo nilivyomwambia. Nilikuwa nakwenda, na sikufika. Nilikaa pale chini nilivyo mpaka jirani alipokuja kuomba kiberiti. Na hata kabla ya siku hiyo nilikuwa nachelewa, nafua kimyakimya kabla mtaa haujaamka. Ndiyo maana nilikuuliza tangu barua ya kwanza. Wewe ulidhani naikagua nyumba yenu. Mimi ilikuwa imeshanishinda ya kwangu, nikitaka kujua kama ninakokwenda kuna mtu atakayekuja nikiita.

Sasa ya hapa. Asubuhi ya kwanza mhudumu kaniletea nepi. Nikaishika, nikaigeuza, nikamwuliza ni ya mtoto gani. Akasema ni yangu, ndio utaratibu. Nikamwambia amwite huyo utaratibu aje mwenyewe. Akaja Matroni. Ana miguu imevimba kuliko yangu. Nikamwambia kaa, akakaa hapa kitandani, na akashusha pumzi ndefu.

"Mama, ukianguka mwanao atanishtaki."

"Mwanangu hata akishtaki, atanunua viatu vya kwendea mahakamani kwanza, mambo yatakuwa yameshapita."

Hakucheka, ila mdomo ulimcheza. Tukiwa tunabishana, Dereva akajikokota mpaka mlangoni na fimbo yake na kovu lake kwenye paji, binti yake aliyekuja kumwona yuko nyuma, amemshika shati. Alikuwa amesikia yote, maana mimi sijui kunong'ona.

"Mimi nilianguka nikienda chooni kama mtu mzima," akamwambia Matroni. "Kesho nikivishwa hiyo, naivua naiweka kwenye trei ya chai."

"Baba, uliumia," binti akasema.

"Niliumia kichwa, kimepona. Lile jingine lilikuwa linaniuma kila siku, na hukuja na gari."

Binti aliliachia shati. Matroni akainuka, akakwea kiti na miguu yake ileile, akaikunjua kamba ya kitanda changu kutoka kwenye msumari. Kufikia jioni zote zilikuwa chini.

Wanaotaka nepi wanavaa. Wapo wanaozipenda, na ni haki yao. Wasiotaka tunapiga kengele. Usidhani ni peponi, maana barua za kusifu nyumba hii tulishaziona. Juzi nilipiga, nikasubiri, wakachelewa, nikaloa. Yule mhudumu alipofika alinitazama usoni, akasema, "Samahani mama, kosa letu." Miezi yote niliyokuwa nafua peke yangu kule nyumbani nilidhani kosa ni langu.

Barua yako ya mwisho nimemsomea Mwalimu. Amesema makosa yamejaa, lakini ni ya kwanza ambayo hukujisifu, ukiacha ile mifuko miwili. Dereva anasema nikuambie hana kinyongo, ila kiti cha mbele hukalii.

Tatizo ni miguu. Kengele zinalia kuliko miguu iliyopo, na Matroni analijua hilo. Jana alikuja akaketi tena hapa kitandani. Akaanza na hali ya hewa, akapitia bei ya sabuni, akaniuliza habari za kifundo changu. Mwisho akaniuliza, akitazama dirishani, kama katika ukoo wetu kuna mjukuu mwingine mwenye mikono ya kasi kama yako, ila asiye na mdomo.

Nikamwambia wa namna hiyo kwetu hawazaliwi.

Akafikiri kidogo, akasema basi uje mwanzo wa mwezi.

Mkeo